Mtafiti Kijana na Amana ya Siri za Uzazi

Swali Lenyewe

Wahenga wetu wametuachia methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Wahenga hao hao wametufundisha kwamba mambo ya chumbani hayatolewi barazani. Mtu asiyetafakari huweza kudhani kuwa mafunzo haya mawili yanapingana, na kwamba hatuna budi kuchagua moja na kulitupa la pili. Lakini yameishi pamoja katika nyumba zetu tangu zamani, na pengine yamesemwa na bibi yule yule kwa mjukuu yule yule. Funzo la kwanza humwelekea mwenye shida: anayetaka kusaidiwa hana budi kujifunua mbele ya mkunga. Funzo la pili humwelekea yule aliyefunuliwa: akishatoka chumbani, kinywa chake kina wajibu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo lililo katikati ya mafunzo hayo. Je, kijana msomi wa Kiafrika anayekwenda kwa watu wake kuwauliza habari za ndoa, mimba, uzazi na maradhi ya sehemu za siri, ana haki gani ya kuuliza? Na akishajibiwa, anadaiwa nini?

Tuchukue mfano wa Bungu, kata iliyoko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti, Ikwiriri na mikoa ya kusini. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa korosho, minazi na mihogo. Upande wa mashariki nchi inateremka kuelekea mikoko na visiwa vya delta ya Rufiji, ambako mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku hutegemea mtumbwi na maji kujaa ili afikishwe kwa mganga.

Eneo hili la Rufiji, ambalo Bungu ilikuwa sehemu yake kabla Kibiti haijafanywa wilaya ya peke yake, si geni kwa watafiti vijana. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi iliyoongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliandika masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi baada ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe kuwapa watu dawa ya maji. Miaka thelathini baadaye, yaani tangu mwishoni mwa mwaka 1998, watafiti wa afya walianza kuandikisha watu katika vijiji vya ukanda wa Ikwiriri, Kibiti na Bungu. Wadodosaji walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama na nani ni mja mzito. Palipotokea kifo, mwingine alikuja baada ya matanga kuwauliza wafiwa jinsi marehemu alivyougua.

Tofauti ya maswali ya nyakati hizo mbili ni kubwa. Kijana wa mwaka 1968 alipomwuliza mzee juu ya vita, alimketisha katika kiti cha heshima, na jibu lilimwongezea mzee hadhi mbele ya wajukuu zake. Kijana wa leo anapomwuliza mama wa makamo ameharibikiwa na mimba ngapi, au anapomwuliza binti wa miaka kumi na sita kama amekwisha kutana na mwanamume, jibu laweza kumpunguzia hadhi anayejibu, na hata kumvunjia nyumba. Vilevile tufikiri juu ya kijana aliyeketi mkekani mbele ya mume aliyefiwa, akimwuliza damu ilianza kumtoka mkewe saa ngapi, na ilikuwa saa ngapi walipopata chombo cha kumpeleka hospitali. Mtu hawezi kuuliza maswali kama hayo bila kuwa na haki ya kuyauliza. Tunachotafuta ni chanzo cha haki hiyo.

Stara si Ukimya

Baadhi ya watu hudhani kwamba utamaduni wetu haukuruhusu kabisa kusema habari za uzazi, na kwamba mtafiti anapozitaja anavunja mila. Dhana hii haina msingi. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi au somo, naye akafundishwa usafi wa mwili, siku zake, mume, mimba na uchungu, kwa maneno, kwa nyimbo na kwa ngoma ambazo hazikuacha jambo bila kutajwa. Wavulana nao walifundishwa jandoni. Zaidi ya hayo, bibi aliruhusiwa kumwita mjukuu wake mume na kumtania juu ya mambo ambayo mama mzazi asingethubutu kuyatamka. Mtani naye alikuwa na ruhusa yake. Kwa hiyo jamii zetu hazikunyamaza. Zilipanga nani aseme na nani, mahali gani na kwa lugha gani. Mpango huo ndio stara.

Tukimchunguza kungwi tunaona mambo matatu. Kwanza, alikabidhiwa kazi yake na wazazi wa mwali na wanawake wenzake, hakujiteua. Pili, alitoa kabla ya kupokea: mwali alipata elimu kwake, ndipo baadaye akaja kumweleza matatizo ya ndoa yake. Tatu, alijulikana anapokaa. Alipovujisha siri, au alipofundisha vibaya, watu walijua mlango wa kwenda kubisha.

Hatusemi kwamba kila lililofundishwa unyagoni lilikuwa jema. Yako mafunzo yaliyomtaka mwanamke avumilie yasiyovumilika, na wako mabinti waliotoka ndani wakapelekwa moja kwa moja kwa mume, ilhali miili yao haijakomaa kubeba mimba. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuyasifu mambo ya kale yote kwa jumla. Lakini kuyakataa mafunzo hayo ni jambo moja, na kuutambua utaratibu wa dhamana uliowafanya watu waweze kusema ni jambo jingine. Mtafiti kijana anaingia katika chumba cha kungwi. Ni halali kumpima kwa kipimo cha kungwi.

Haja ya Kuuliza

Wapo pia wanaosema kwamba ingekuwa bora mambo haya yaachwe kama yalivyo. Hao wanasahau gharama ya kutojua. Katika miaka ya tisini Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la Kanada liitwalo IDRC, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Takwimu zilizokusanywa nyumba kwa nyumba ziliwaonesha wakuu wa afya wa wilaya ni maradhi gani yaliyokuwa yakiua watu zaidi, wakayalinganisha na jinsi fedha zao zilivyokuwa zikitumika, kisha wakarekebisha matumizi. Katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hapo swali lililoulizwa mlangoni lilirudi mlangoni likiwa tiba.

Hali ni hiyo hiyo katika uzazi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Uchunguzi huo wa mwaka 2022 ulionesha pia kwamba asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamepata kushika mimba. Hakuna hata tarakimu moja kati ya hizo iliyopatikana bila ya mtu fulani kupiga hodi na kuuliza jambo la faragha. Anayefurahia kupungua kwa vifo hivyo hawezi wakati huo huo kulaani kuuliza.

Hata hivyo, kuuliza bila adabu hakuleti elimu. Mkoani Mwanza, katika mradi wa MEMA kwa Vijana ulioanza miaka ya tisini, watafiti walilinganisha njia mbalimbali za kuwauliza vijana juu ya mapenzi. Ilionekana kwamba baadhi ya wasichana, ambao vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa wamekutana na wanaume, walikuwa wamejibu katika hojaji kwamba hawajapata kufanya hivyo. Lakini watafiti vijana wa Afrika Mashariki waliokaa vijijini kwa majuma, wakiishi na wenyeji na kushiriki kazi zao za kila siku, walipata picha iliyokaribia ukweli zaidi. Tusiharakishe kuwaita mabinti wale waongo. Waliulizwa na watu ambao hawakuwa na nafasi yoyote katika mpango wa stara, nao wakafanya kama walivyolelewa, wakafunga mlango. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni chombo kinachoingia mtungini kila siku.

Tena watu wanazo sababu za kuogopa. Pwani yetu inayo tangu enzi za ukoloni hofu ya mumiani, mtu asemekanaye kuua wenzake ili auze damu yao, na hofu hiyo huamka kila damu inapochukuliwa bila maelezo. Katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, ambako viongozi wa vijiji, raia na askari waliuawa katika miaka ya 2016 na 2017, mgeni anayeandika majina ya watu na idadi ya vitanda vyao asishangae akitazamwa kwa shaka. Karatasi ya ridhaa iliyopigwa dole gumba haiondoi shaka hiyo. Dole laweza kukubali kwa sababu mwenyekiti wa kijiji amesimama pembeni, huku moyo umekataa.

Madeni Matatu

Kutokana na hayo twaweza kusema kwamba haki ya mtafiti haitokani na shahada yake, wala haikamiliki kwa kibali alichopewa na ofisi. Kibali ni cha lazima, na nchi yetu ina vyombo vya kukitoa: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaundwa mwaka 1986. Lakini kibali humruhusu kufika mlangoni tu. Anapoambiwa siri amepokea amana, na aliyepokea amana ana madeni matatu.

Deni la kwanza ni kuhifadhi. Wasomi wameweka kanuni nzuri, kwa mfano ya kuandika namba badala ya majina. Lakini kijiji si mji mkubwa. Mtafiti akiandika kwamba mke wa mwenye duka katika kijiji fulani kidogo cha delta alitoa mimba, hakutaja jina, lakini amemtaja. Tena siri nyingi hazivuji katika vitabu. Huvuja katika gumzo la jioni kwenye nyumba ya wageni, wenzake wanapochekeshana kwa majibu waliyoyasikia mchana. Hapa mtafiti mwenyeji ana hatari kubwa kuliko mgeni. Yeye anazijua koo, anamjua shemeji wa nani ni nani, na neno lake moja lina miguu. Mgeni akikosea husamehewa kwa ugeni wake. Mwenyeji hana kisingizio hicho.

Deni la pili ni kurudisha. Mara nyingi majibu ya wanawake wa vijijini hufasiriwa kwa Kiingereza, huchapishwa katika majarida ya ng'ambo, na hayarudi kwao tena. Mama aliyesema amevunja ungo mwaka wa mafuriko hawezi kujitambua katika maandishi hayo. Watu wanayo lugha yao ya uzazi, yenye adabu na yenye uwazi: kuvunja ungo, kuwa mwezini, kuwa mja mzito, kuharibikiwa na mimba, kushikwa na uchungu. Mtafiti aliyeipata elimu yake kwa lugha hiyo ana wajibu wa kuirudisha kwa lugha hiyo, katika mkutano wa kijiji, zahanati na kikundi cha akina mama, kabla hajaisoma katika ukumbi wa hoteli. Tunao mfano wa namna hiyo ya kufikiri. Mwaka 1975 Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, pamoja na Akademia ya Finland, ilianzisha katika Wilaya ya Bagamoyo utafiti ulioitwa Jipemoyo, ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa mmoja wa viongozi wake. Msingi wake ulikuwa kwamba wanakijiji na watafiti wachunguze pamoja, na matokeo yawe mali yao wote.

Deni la tatu ni kukubali kuulizwa. Mwanamke wa Bungu akishajibu maswali hamsini humgeukia kijana na kumwuliza: "Na wewe mwanangu, una watoto wangapi?" Pengine huuliza lililo zito zaidi: "Vidonge hivi ni kweli vinafunga kizazi?" Wako waliofundishwa kukwepa, wasije wakaharibu majibu. Tahadhari hiyo ina maana mahojiano yakiwa yanaendelea, lakini yakishakwisha haina maana tena. Mazungumzo ambayo mmoja huuliza daima na mwingine hujibu daima ni ya kituo cha polisi. Katika uungwana wetu anayeuliza naye huulizwa, na asiyelijua jibu humpeleka mwenzake kwa ajuaye.

Siri Inayomzamisha Mwenyewe

Sasa tufikie jambo lililo gumu kuliko yote. Binti wa miaka kumi na minne amemweleza mtafiti kwamba mtu mzima wa nyumba ile humwingilia, kisha amemsihi asimwambie yeyote. Afanye nini? Akinyamaza, ametimiza ahadi na kumwacha mtoto katika moto. Akisema, ameokoa mtoto, yamkini, na amevunja neno alilompa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Vilevile, juu ya ndoa za utotoni, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, maana ya amana inatosha kutuongoza. Amana huwekwa kwa faida ya mwenyewe. Mtu aliyewekewa gunia la mbegu akiona mchwa wameingia, hawezi kukaa kando na kusema aliagizwa asilifungue. Kulifungua ndiko kulitunza.

Hata hivyo, mchwa hawatolewi kwa kuzimwaga mbegu njiani. Binti huyo akishitakiwa habari zake bila kushirikishwa, aweza kulaumiwa na ukoo mzima kwa kumpeleka mlezi jela, na kubaki bila chakula wala makao. Kwa hiyo mtafiti ana wajibu wa kwenda naye, kwa hatua anazozielewa, kwa mtu ambaye amekwisha kumjua kabla utafiti haujaanza: ofisa wa ustawi wa jamii, muuguzi au mwalimu aliye mwaminifu. Na juu ya hayo, ana wajibu wa kusema mpaka wa ahadi yake kabla hajauliza swali la kwanza: "Nitakuhifadhia yote utakayoniambia, isipokuwa lile litakaloonesha kwamba mtoto anaumizwa."

Atajibiwa kwamba akisema hivyo mabinti wengi watanyamaza, na utafiti utapungukiwa. Ni kweli. Hiyo ni hasara halisi, kwani lile lisilosemwa haliingii katika takwimu, na lisiloingia katika takwimu haliingii katika bajeti. Pamoja na hayo, hasara hiyo ni afadhali kuliko ukweli uliopatikana kwa ahadi ambayo mwenye kuitoa alijua hawezi, au hastahili, kuitimiza. Ahadi ni deni, na hakuna ruhusa ya kukopa kwa mtoto huku umekusudia kutolipa.

Mdhamini Asiye na Mali

Tungekuwa tumemwonea mtafiti kijana kama tungemtwisha madeni haya peke yake. Yeye naye yumo katika hali ngumu. Aghalabu ameajiriwa kwa mkataba mfupi unaokwisha pamoja na mradi. Maswali anayouliza yaweza kuwa yametungwa na watu wasiopata kukanyaga udongo wa Rufiji, na jina lake likitokea katika maandishi hutokea mwishoni. Akiwa ni binti asiyeolewa, akina mama humwambia waziwazi kwamba yeye bado ni mwali, hawezi kuambiwa mambo ya wakubwa. Yeye ndiye anayetazamana uso kwa uso na wananchi, na yeye ndiye anayesema, "Majibu mtaletewa." Lakini fedha za kuyarudisha majibu hayo ziko mikononi mwa wengine. Amefanywa mdhamini asiye na mali.

Kwa hiyo haki inataka taasisi zilipe sehemu yao. Bajeti ya mrejesho iwe sehemu ya utafiti tangu siku ya kwanza. Vijana wapewe nafasi ya kutunga maswali pamoja na kuyabeba. Juhudi za Waafrika wenyewe za kuwaandaa watafiti wao zipo. Mmoja wa mifano yake ni muungano wa vyuo na vituo vya utafiti uitwao CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya mafunzo ya udaktari wa falsafa katika afya ya jamii. Mafunzo hayo yakiwapa vijana elimu ya takwimu, yawape pia adabu ya kuingia katika chumba cha mtu.

Hitimisho

Tumeuliza kijana ana haki gani ya kuuliza habari za uzazi. Jibu letu ni kwamba anayo haki hiyo, kwa sababu wanawake na watoto hufa kwa mambo yasiyoulizwa. Lakini ni haki ya mtu aliyewekewa amana, na hupotea anapoacha kuhifadhi, kurudisha na kukubali kuulizwa. Hilo likieleweka, mtafiti hatakuwa adui wa stara. Atakuwa mmoja wa walinzi wake, kama alivyokuwa kungwi mwema, na mwenye elimu ambayo kungwi hakuwa nayo.

Tukumbuke kwamba taifa halikumaliza kuuliza. Kesho kutwa kijana mwingine atashuka kutoka basini pale Bungu akiwa na karatasi zake, naye atapokewa kwa kadiri aliyemtangulia alivyoondoka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.